Amritsar na mama mdogo: kutoka Delhi mpaka jikoni kwa Masingasinga

Kabla ya yote, hii safari haikuwa kwenye mpango. Mimi na mama mdogo tulikuwa Delhi Februari 2023 kwa ajili ya matibabu yake ya moyo, si mnajua tena Watanzania na hospitali za India, vipimo vikaisha, daktari akasema majibu mengine mpaka wiki ijayo. Sasa wiki nzima ukae gesti unaangalia feni? Nikampigia dogo, mtoto wa mjomba, anasoma chuo kule Punjab upande wa Jalandhar, akasema njooni Amritsar niwatembeze, kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, hali ya hewa nzuri, baridi ya kuvumilika. Nikamuuliza daktari kama mgonjwa anaruhusiwa kusafiri, akasema aende ila asibebe mizigo na asile mafuta. Hilo la mafuta likumbukeni.

Jumatano

Treni ya Shatabdi inatoka New Delhi saa moja na dakika ishirini asubuhi, na ni kweli inatoka muda huo, kwahiyo saa kumi na moja alfajiri tulishaamka mama mdogo anaswali mimi nafunga mabegi. Viti vya kukaa tu sio vya kulala, wanakuletea chai kwenye chupa ndogo, biskuti, afu baadae chakula, yote ipo ndani ya tiketi. Mama mdogo alichagua chakula cha mboga kwa usalama wa halali, na kwa kweli safari nzima Punjab hatukupata shida hiyo kwa sababu nitakayoieleza.

Ni kama kilomita 450. Delhi ukishaiacha nyuma ni mashamba tu, ngano kijani mpaka macho yanachoka, katikati yake haradali imechanua njano, mabomba ya matanuri ya tofali yanatoa moshi, matrekta kila kona. Huku ndo wanakolimia ngano ya India kwa wingi. Ambala, Ludhiana, halafu Jalandhar dogo akapanda na kibegi chake, "shikamoo mama mdogo", mama mdogo machozi yakamtoka pale pale kwenye behewa, hawajaonana tangu dogo aondoke nyumbani, watu wote wanatuangalia. Abiria mmoja mzee mwenye kilemba cha bluu akampa mama mdogo chungwa.

Tulifika saa saba na kitu mchana. Nje ya stesheni kuna basi la bure linaloenda moja kwa moja hekaluni, ni la wenyewe gurdwara, ndo wanavyoita hekalu lao, hulipi hata senti. Madereva wa bajaji watakwambia halipo, au limeondoka sasa hivi, au leo sikukuu. Msiwasikilize.

Kilichotuudhi ni gesti. Ile tuliyobuku kwa simu, kufika mapokezi jamaa akaona pasipoti akasema hapana, hatupokei wageni wa nje ya nchi. Hela mmeshika lakini! Dogo akanielewesha kwamba India gesti ikilaza mgeni inatakiwa imjazie taarifa zake na kuzituma serikalini, sasa wengine hawataki usumbufu wanaona bora wakukatalie. Kwahiyo ukibuku piga simu kwanza uulize kama wanapokea pasipoti ya kigeni, usisubiri uaibike na mgonjwa mkononi. Ya pili wakatupokea, wakapiga kopi pasipoti na viza na picha juu. Dogo yeye akaenda kulala kwenye nyumba ya wageni ya hekalu lenyewe, Sri Guru Ram Das Niwas, kuna bweni la wageni wa kigeni, bure, mwisho siku tatu, ukitaka unatia sadaka kwenye sanduku. Alisema vitanda vimebanana na kuna Mzungu anakoroma ila maji ya moto yapo. Sisi gesti tuliyolipia maji ya moto mpaka upige simu mapokezi.

Jioni ndo tukaenda. Utaratibu uko hivi: viatu unaviacha kwenye chumba cha viatu, unapewa kibati chenye namba. Wanaopokea viatu sio vibarua, ni watu waliokuja kujitolea, mimi kiatu changu kilichotembea Delhi wiki nzima kilipokelewa kwa mikono miwili na baba mmoja mwenye miwani na saa ya bei mbaya, sijui ni nani huko kwao, meneja wa benki labda. Nilijisikia vibaya kidogo. Halafu unafunika kichwa, mwanamke kwa mwanaume. Mimi na mama mdogo tuna mitandio yetu tukapita bila kuulizwa, dogo ilibidi achukue kitambaa cha rangi ya machungwa kwenye pipa la pale mlangoni, akafunga vibaya, mlinzi mmoja mwenye kanzu ya bluu na mkuki mrefu akamfunga upya. Afu unapitisha miguu kwenye maji yanayotiririka mlangoni, baridi hiyo, ndo unaingia.

Unaingia kwa kushuka ngazi, hicho sikukitegemea. Nilizoea majengo ya ibada yako juu unapanda, hili liko chini, unashuka ndo unaliona, limekaa katikati ya bwawa kubwa la mraba, dhahabu juu, marumaru nyeupe chini, na picha yake yote kwenye maji. Muziki unatoka kwenye spika pande zote, kinanda na tabla na sauti za wazee, taratibu. Mama mdogo alikaa kimya muda mrefu nikadhani moyo umemshika. Halafu akasema, "Hii dhahabu yote na hawaibi?"

Dogo akacheka akamweleza kwamba ni mabati ya shaba yamepakwa dhahabu, kazi ya Maharaja Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga, mwanzoni mwa karne ya 19. Hekalu lenyewe ni la zamani zaidi, mji ulianzishwa na Guru Ram Das, guru wa nne (guru ni kiongozi wao wa dini), miaka ya 1570, mwanae Guru Arjan ndo akajenga hekalu na mwaka 1604 akaweka ndani kitabu chao kitukufu. Lina milango pande zote nne, watu wa upande wowote wanaingia. Karne ya 18 majeshi ya Ahmad Shah Abdali kutoka Afghanistan yalilibomoa zaidi ya mara moja, wakajenga tena.

Tukakaa kwenye marumaru mpaka saa tatu usiku. Dogo akanyoosha miguu kuelekea majini, mlinzi na mkuki wake akaja akamgusa begani, hakugomba, akaonyesha tu kwa mkono kunja. Kuna samaki wakubwa wanapita pale chini wananenepa tu, hakuna anayewavua.

Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ndani. Baridi ya Februari kule sio mchezo, marumaru inapanda mpaka kwenye magoti, wameweka mikeka ya kupita lakini haitoshi, nilimvalisha mama mdogo soksi mbili akaambiwa soksi avue. Kuna wanaume wanazama bwawani na chupi zao ndefu huku wameshika minyororo iliyofungwa ukingoni, giza bado, wanazama wanatoka wanatetemeka wanaomba. Wanawake wana sehemu yao iliyozungushiwa ukuta.

Foleni ya kuingia hekalu lenyewe inapita kwenye daraja la marumaru, mita kama sitini hivi, na hapo kwenye daraja na ndani simu weka mfukoni, hakuna picha. Tulisimama karibia saa nzima na hiyo ni Alhamisi alfajiri. Ndani ni padogo kuliko nilivyofikiria! Kitabu kimewekwa chini ya kipaa cha kitambaa, mzee anakipepea na usinga mweupe, pembeni wapiga kinanda na tabla, watu wanainama paji la uso chini kisha wanatoka mlango wa pili. Hakuna sanamu. Kitabu chenyewe, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1430 na ndo guru wao, hakuna tena guru mtu baada ya yule wa kumi. Na ndani yake kuna mashairi ya Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu wa Punjab, yanaimbwa humo humo. Dogo alipomwambia mama mdogo hilo akasema rudia. Akarudia. Na inasimuliwa kwamba jiwe la msingi aliliweka Mian Mir, sufii mwingine kutoka Lahore. Mama mdogo akawa ametulia kabisa kuanzia hapo, maana usiku wa Jumatano alikuwa bado ana wasiwasi kama imani inamruhusu kuwepo pale.

Ukitoka unapewa halua yao ya mkononi, unga wa ngano, sukari na samli, vyote kipimo kimoja, ya moto, samli inachuruzika kwenye vidole. Nikamwangalia mgonjwa wangu. Akaniangalia. Akasema sadaka haikataliwi, akala, akalamba na kiganja. Haya.

Sasa langar. Nataka nikae hapa kidogo kwasababu watu wengi wanaenda Amritsar wanapiga picha dhahabu wanaondoka, na mimi naona dhahabu ndo ina mambo machache zaidi ya kuona pale kuliko jiko.

Langar ni jiko la bure la hekalu. Linalisha kati ya watu 50,000 na 100,000 kwa siku, sikukuu ndo wanafika juu kabisa, mchana na usiku halifungwi. Mlangoni mtu anakusukumia sinia la chuma lenye vigawanyo, mwingine bakuli, mwingine kijiko, hata hujasimama vizuri. Unasubiri ngazini na umati, milango inafunguliwa, mnaingia mbio kidogo, mnakaa chini kwenye mikeka mirefu kwa mistari, tajiri maskini mgeni mwenyeji wote sakafuni. Chakula chote hakina nyama, ndo maana nilisema habari ya halali haikutusumbua. Anapita kijana na ndoo ya dengu na upawa, anamwaga huku anatembea, tone halianguki nje, anakuja wa mboga, anakuja wa wali wa maziwa mtamu, anakuja wa chapati. Chapati hupokei kwa mkono mmoja, unakinga mikono miwili pamoja, anaidondoshea humo. Mimi nilinyoosha mmoja wa kulia kwa adabu zetu za pwani, akanisubiri. Mama wa pembeni yangu akanikutanisha viganja mwenyewe.

Wanakuongezea mpaka ukatae, ila usibakize. Dakika kama kumi na tano mnamaliza, mnanyanyuka, huku nyuma mashine ya kupiga deki inakuja na mstari mwingine unaingia. Mama mdogo kukaa chini alikaa, kuinuka ndo kazi, wakamnyanyua wasichana wawili wasiomjua, wanamwita mata ji, yaani mama.

Hapo nikakumbuka Makindu. Wale mliopita barabara ya Nairobi Mombasa mnapajua, gurdwara ya Makindu, ipo tangu 1926, unashuka kwenye gari unakula bure unalala bure hakuna anayekuuliza wewe dini gani. Nimeshakula pale zaidi ya mara moja na siku zote nilidhani ni ukarimu wa Masingasinga wa Kenya tu, baba zao walikuja na reli kutoka Mombasa kuanzia 1896, wengi wao walichukuliwa huku huku Punjab, wakabaki wakawa mafundi na wafanyabiashara. Kumbe utaratibu ule ni wa dini yenyewe, kila gurdwara duniani ina jiko. Mama mdogo naye akaanza hadithi za Tanga, Singasinga aliyekuwa na karakana jirani na kwao, mkali kwa mafundi wake lakini watoto wa mtaa hawakosi pipi. Anamkumbuka kilemba tu, jina limemtoka.

Vyombo vinaoshwa nje, na kelele za pale sijawahi kusikia mahali, masinia maelfu yanarushwa kutoka mkono hadi mkono yanagongana, mistari ya mabeseni marefu, watu wamesimama bega kwa bega wanasugua, kila sinia linaoshwa zaidi ya mara moja na watu tofauti. Unaweza kuingia tu ukaanza kuosha. Hakuna wa kumwomba ruhusa. Dogo akakunja mikono akaingia, dakika tano shati lote limeloa.

Sisi tukaenda kwenye vitunguu swaumu. Turubai limetandikwa, kilima cha vitunguu, wanawake na wazee wamekaa wanamenya, wanasogea wanakupa nafasi na kisu. Mmoja alitoka kijiji cha wilaya ya Gurdaspur, alikuja na basi zima la wanakijiji kufanya kazi siku mbili warudi. Maswali yao dogo anatafsiri na Kihindi chake cha chuo: mnatoka wapi, Afrika gani, huyu mata ji anaumwa nini, wewe umeolewa, kwanini bado. Yani nimevuka bahari nzima bado naulizwa kwanini bado.

Halafu mama mdogo akaona wanakosukuma chapati. Wana mashine, inatoa maelfu kwa saa, unga unaingia huku chapati inatoka kule, lakini pembeni bado kuna kundi la akina mama wanasukuma kwa mkono na wanachoma kwenye bati moja kubwa lenye moto chini. Mama mdogo huyo amesukuma chapati miaka thelathini ya ndoa na misiba. Akakaa. Chapati yao haina mafuta ndani wala haikunjwi, ni unga wa ngano nzima na maji, unasukuma mara moja imeisha, yeye akasukuma ya kwanza ikatoka duara kamili wakaguna, ya pili, ya tano, wakaanza kumrushia madonge yote. Akataka kuwaonyesha yetu ya kukunja, akalikunja donge kama konokono akalibana akalisukuma tena, bila mafuta haikuleta tabaka lakini walielewa, mmoja akasema nao wanayo, wanaiita paratha. Tulikaa pale mpaka nikaogopa kwa ajili ya moyo wake. Aligoma kuondoka. "Hospitali mmenilaza kama gogo, hapa napumua."

Usiku tukarudi kuangalia Kitabu kinavyobebwa kwenda kulala. Kinatolewa hekaluni kwenye palki ya dhahabu mabegani mwa watu, wanaume wanagombania kuweka bega hata sekunde mbili, maua ya waridi yanamwagwa, tarumbeta, kinapelekwa jengo la jirani linaitwa Akal Takht, alfajiri kinarudishwa. Akal Takht ilianzishwa 1606 na guru wa sita, ndo kiti cha mamlaka yao. Hiyo inayoonekana leo imejengwa upya, ya zamani iliharibiwa vibaya Juni 1984 jeshi la India lilipoingia na vifaru kuwatoa wapiganaji wa Kisingasinga waliojichimbia humo, watu wengi walikufa wakiwemo mahujaji, na Oktoba mwaka huo Indira Gandhi akauawa na walinzi wake wawili Masingasinga, halafu Delhi Masingasinga wakachinjwa kwa maelfu. Juu ya lango la mnara wa saa kuna makumbusho yao, kuta zimejaa picha za waliokufa. Mzee aliyekaa karibu yetu alipoona dogo anatueleza kwa sauti akasogea, akasema yeye mwaka huo alikuwa kijana. Hakuongeza kitu, na sisi hatukumchokonoa.

Ijumaa

Jallianwala Bagh ipo dakika chache kwa mguu kutoka hekaluni. Unaingia kwa kichochoro chembamba, na chenyewe ndo maelezo yote, 13 Aprili 1919, sikukuu ya Baisakhi, watu wamejaa bustanini wengine mkutano wengine wamekuja sikukuu tu, Jenerali Dyer wa Waingereza akaingia na askari wake kwa kichochoro hicho hicho, magari yake ya deraya hayakupita kwa wembamba wake, akawapanga wakafyatua risasi 1650 bila kuonya, na njia ya kutokea ndo waliyosimama wao. Serikali ya Waingereza ilisema waliokufa ni 379, Wahindi wenyewe walihesabu kama elfu moja. Matundu ya risasi kwenye matofali wameyazungushia fremu nyeupe, kuna kisima ambacho watu walijitupa.

Ila nisiwafiche, pamekarabatiwa 2021 na mimi sikupapenda. Kichochoro kimejazwa masanamu ya watu wanacheka, bustani imefyekwa safi, watu wanapiga selfi kwenye matundu ya risasi na vidole viwili juu. Familia moja wakatuomba na sisi selfi, maana Waafrika kule ni kivutio na chenyewe, nikakataa pale, nikawaambia twendeni nje mtapiga mpaka mchoke. Wakaja kweli. Mama mdogo akapigwa na familia mbili, tatu, watoto wanamgusa hina mkononi.

Mchana dogo akaenda swala ya Ijumaa msikiti wa Khairuddin, uko Hall Bazaar, wa 1876, umebanana katikati ya maduka ya viatu na vitambaa. Kabla ya 1947 mji huu ulikuwa na Waislamu wengi sana, mpaka wa India na Pakistan ulipochorwa wakaenda Lahore, kilomita hamsini tu, na Masingasinga na Wahindu wa Lahore wakaja huku, wengi hawakufika. Makumbusho ya mgawanyo huo yapo Town Hall, yalifunguliwa 2017, na haya ndo nawaambia msiyaruke. Vitu vya watu tu: ufunguo, sufuria, kitanda cha kamba. Kuna koti la mwanamke limedariziwa phulkari, darizi ya maua ya Punjab, na begi la ngozi la mwanaume, walikuwa wamechumbiana kabla ya fujo, kila mmoja akakimbia kivyake na kitu hicho kimoja, wakakutana kwenye foleni ya chakula kambini Amritsar, wakaoana. Mama mdogo alikaa mbele ya lile koti akakagua mshono, akasema hii kazi ya mkono hii, miezi.

Jumamosi

Dogo alipanga Goindwal asubuhi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, mji mdogo kando ya mto Beas. Kuna kisima cha ngazi 84, waumini wanashuka ngazi moja moja, kila moja wanasoma sala na kuoga, wanaofanya zote inawachukua siku nzima. Kilijengwa na Guru Amar Das, wa tatu, na ndiye aliyesema kila anayetaka kumuona akae kwanza sakafuni ale na watu wote. Inasimuliwa hata mfalme Akbar alikaa. Mama mdogo alishuka ngazi nne akasema salamu zimefika.

Jioni Wagah, mpakani na Pakistan, kilomita kama thelathini. Sasa hii watu wanaisifia, mimi maoni yangu nusu nusu. Kila jioni tangu 1959 wanajeshi wa pande mbili wanashusha bendera kwa pamoja, ila kabla ya hapo ni vituko, wanarusha mguu mpaka usawa wa paji la uso, vilemba vyao vina upanga kama wa jogoo juu, wanakunjiana ndita geti kwa geti, na jukwaani mshereheshaji anaamsha watu wapige kelele kuwashinda wa upande ule. Derby ya Kariakoo tupu, tofauti hapa mpira hakuna. Mabegi hayaingii, pasipoti beba, wageni wana jukwaa lao, mtandao wa simu unakatika. Dogo alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, mama mdogo akaniuliza hawa si ndo wale wa lile koti? Mliopanga kwenda sasa mjue tangu ugomvi wa 2025 wamepunguza, geti halifunguliwi tena wala wanajeshi hawapeani mikono.

Kurudi, dereva tuliyekubaliana naye bei ya kwenda na kurudi akabadilika njiani eti ilikuwa ya kwenda tu. Dogo akamshukia na Kipunjabi cha matusi aliyofundishwa chuoni, bei ikarudi.

Jumapili

Tulitaka kuingia hekaluni mara ya mwisho, haikuwezekana. Wikiendi Punjab nzima na nusu ya Delhi iko pale, foleni imejaa daraja imekata kona imezunguka bwawa. Kama una siku za kuchagua nenda katikati ya wiki, na nenda usiku au alfajiri. Tukazunguka bwawa tu, tukamwagia macho ule mti wa zamani, Dukh Bhanjani Beri, wanaoamini maji ya pale chini yanaponya, kuna wagonjwa wamebebwa na ndugu zao. Mama mdogo alisimama pale muda kidogo akisoma zake kimoyomoyo, sikumuuliza.

Chai ya asubuhi ilikuwa kulcha ya Amritsar, mkate wa tanuri wenye viazi ndani, dengu kubwa nzima pembeni na siagi juu, naye mgonjwa akala nusu, tukagombana. Lassi tukagawana glasi moja watu watatu na haikuisha, ni mtindi mzito wenye malai juu wa kulia na kijiko. Akanunua na kibao kidogo cha kusukumia chapati pale kwenye maduka ya nyuma ya hekalu, nikamwambia mama mdogo vibao Kariakoo vimejaa, akasema hivyo havikutoka huku.

Treni ya jioni ikaturudisha Delhi karibu saa tano usiku, dogo akashukia Jalandhar akiwa na pakiti ya halua aliyofungiwa na wale akina mama wa chapati, alirudi kuwaaga peke yake asubuhi wakati sisi tunafunga mabegi. Daktari Jumanne akapima, akauliza mlikula nini huko. Mama mdogo akajibu dengu.

Kwa wanaouliza hela: treni ndo gharama kubwa, kateni tiketi mapema maana wikiendi zinaisha wiki mbili kabla, na mgeni kukata mtandaoni ni mateso, tafuteni mwanafunzi mwenye akaunti kama dogo wetu. Kula mtakula bure, ila tieni chochote kwenye sanduku. Soksi za kubadilisha mbili tatu, mtandio, na miguu iliyozoea baridi.